Kujitoa, Kujitenga na Kuvunja: Nani Mtenda?

Imeletwa mezani petu rasimu ya faharasa ya istilahi za sheria ya katiba, tuipitie kabla haijafikishwa mbele ya Kamati ya Kusanifu Istilahi. Watungaji wake ni watu wa bidii, na kazi yao ina mengi ya kusifiwa: istilahi za mwenendo wa mashauri zimepangwa vizuri, na zile za uchaguzi hazina kasoro kubwa. Hatutayarudia hayo hapa. Tumekwama katika kidahizo kimoja tu, kile kinachohusu nchi kuacha kuwa mwanachama wa umoja fulani. Mbele ya kidahizo hicho watungaji wameweka maneno manne yaliyotenganishwa kwa mkato, kana kwamba ni watoto wa tumbo moja: kujitoa, kujiondoa, kujitenga, kuvunja muungano. Mfasiri ameachiwa achague alipendalo.

Laiti jambo hili lingekuwa la mtindo tu, tungelipita kimya. Lakini mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya mahakama katika Tanzania. Tangu hapo neno lililokuwa mgeni wa gazetini limepewa nafasi ya kukaa ndani ya sheria na ndani ya hukumu. Mwandishi wa gazeti akikosea neno, kesho huandika jingine; jaji akilikuta neno hilo katika kifungu cha sheria, hana budi kulipa maana na kuamua haki za watu kwalo. Kwa hiyo twaomba ruhusa ya wasomaji tulichungue kundi hili la maneno kwa urefu kidogo. Dai letu ni kwamba maneno haya manne si visawe hata kidogo, na kwamba tofauti iliyomo baina yao ndiyo ile ile ambayo mahakama za nchi mbalimbali zimeisumbukia: ni nani mwenye uwezo wa kuitoa nchi katika umoja iliouingia, na mkuu wa serikali aweza kwenda umbali gani peke yake.

Tuanze na sarufi. Kiambishi -ji- humfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja. Mtu akijikata, mkono ulioshika kisu na mkono unaotoka damu ni vya mwili mmoja, wala hapana haja ya kuuliza aliyekata ni nani. Lakini nchi si mwili wa namna hiyo. Tunaposema "nchi fulani imejitoa", kiambishi kile kidogo kimefunika jambo kubwa: kuna aliyeamua, kuna aliyeandika barua, kuna aliyeipeleka, na kuna mamilioni waliotolewa. Kwa wengi wao kitenzi sahihi kingekuwa kutolewa. Hatusemi neno kujitoa lifutwe, maana limekwisha kuzoeleka na ni zuri. Twasema tu kwamba mwanaistilahi asilikubali mpaka amejua ndani yake mmefichwa nani.

Kuvunja ni habari nyingine. Mwenye kujitoa huuacha umoja ukiwa umesimama, nao huendelea bila yeye. Mwenye kuvunja haachi kitu nyuma. Na Kiswahili kwa ukarimu wake kimetupa pia kuvunjika, ambapo mtenda hayupo kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza twasema ilivunjika mwaka 1977, na tumelisema hivyo kwa miaka mingi bila kuliona ajabu. Kauli ile ya kutendeka imetufaa sana majirani, kwa sababu imetuwezesha kutaja msiba bila kumtaja mkosaji. Kwa mazungumzo ya ujirani mwema inafaa. Kwa sheria haifai, kwani sheria hutaka kujua ni nani aliyevunja, kwa uwezo gani, na nani abebe madeni.

Kujitenga nako kuna harufu yake. Katanga ilipojitangazia uhuru mwezi Julai 1960, siku chache tu baada ya Kongo kupata wake, neno lililoshika katika Kiswahili lilikuwa kujitenga. Huko Pwani ya Kenya, wale waliokuwa wakisema "Pwani si Kenya" waliitwa vivyo hivyo. Anayejitenga ni sehemu ya kitu kizima, na anayelitaja neno hilo aghalabu amekwisha kutoa hukumu: kitu kizima ni halali, sehemu ina makosa. Ndiyo maana twashangaa kuliona katika mstari mmoja na kujitoa, ambako ni haki ya mwanachama iliyoandikwa katika mkataba. Mfasiri akiteleza kati ya haya mawili, amemgeuza mwanachama kuwa mwasi.

Sasa tuitazame Katiba yetu wenyewe. Hati za Muungano zilitiwa saini Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume. Bunge la Tanganyika likaziridhia tarehe 25, na Muungano ukaanza tarehe 26. Msomaji akiitafuta katika Katiba ya mwaka 1977 ibara inayosema namna ya kujitoa katika Muungano huo, atazifungua kurasa zote na kuzifunga bila kuiona. Hakuna kujitoa, wala kujitenga. Lililopo limewekwa mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki: Nyongeza ya Pili, Orodha ya Pili. Hapo yametajwa mambo manane ambayo kuyabadili kunahitaji, kwa mujibu wa ibara ya 98, theluthi mbili ya wabunge wote wa kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa kutoka Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Jambo la kwanza katika orodha hiyo ni kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano.

Kuwapo! Twakiri kwamba tumelipenda neno hili kupita kiasi cha mtu wa kazi yetu. Waliolitumia hawakutafuta kitenzi cha kuondoka. Walichukua kitenzi cha kuwa, wakakiongezea kile kiambishi cha mahali, po, wakapata jina la hali. Jina hilo halina mtenda wa kujificha ndani yake, na kwa hiyo swali la mtenda likapelekwa panapostahili, yaani katika hesabu ya kura. Rais hakutajwa hapo kuwa ndiye aamuaye, Waziri hakutajwa, Baraza la Mawaziri halikutajwa. Sahihi ya Rais huja mwishoni, kama katika sheria yoyote, lakini uamuzi wenyewe umefungwa kwa kufuli mbili na kila upande umepewa ufunguo wake. Mfasiri atakayeihamisha dhana hii katika maandishi mengine na kuandika "kujitoa katika Muungano" atakuwa ameondoa kufuli zote mbili kwa neno moja.

Hapa haitupasi kuruka mzozo wa neno nchi, ijapokuwa umechosha wengi. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake kumi na saba walioshtakiwa kwa uhaini, ilisema kwamba Zanzibar si dola, na kwa hiyo uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali yake. Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza. Ilipoingia mitaani kwa Kiswahili, wapo waliosema dola, wapo waliosema nchi, wapo waliosema taifa, na kila neno likaudhi watu tofauti. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliposema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, yaliyofuata visiwani kila mtu anayakumbuka. Na mwaka 2010 Zanzibar ikabadili Katiba yake, ikaandika kwamba yenyewe ni nchi, mojawapo ya nchi mbili zilizoungana. Katiba ya Muungano katika ibara yake ya kwanza inaitaja Tanzania kuwa nchi moja. Wanasheria wataendelea kulumbana juu ya maana. Sisi tunasema hivi: laiti neno dola lingesanifiwa mapema kwa maana ya mamlaka yenye kutambuliwa na mataifa mengine, na neno nchi likaachwa na upana wake wa asili, ambamo hata mkulima husema "nchi yetu" akimaanisha bonde analolima, sehemu ya ugomvi huo isingekuwapo. Sehemu tu. Ile iliyobaki ni ya siasa na hatuna dawa yake.

Tuliwahi kufika Lionja, wilayani Nachingwea, katika kazi ya kukusanya msamiati wa ushirika na wa zao la korosho. Twalitaja jambo hili kwa sababu huko neno kujitoa ni neno la kazi. Wakulima wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale wamo katika vyama vya msingi, na vyama hivyo vimeungana katika chama kikuu, RUNALI. Korosho hupita katika chama cha msingi, hupelekwa ghalani, huuzwa mnadani, na katika kila hatua kuna makato yanayosomwa hadharani. Basi habari ya chama kimoja kuwa ndani ya chama kikuu au nje yake, hata ikiwa ni ya kudhaniwa tu, ni habari ambayo kila mtu pale anaweza kuizungumza bila kamusi.

Tuliuliza swali letu la kitaalamu kwa lugha ya kawaida: chama kikitaka kutoka katika chama kikuu, husemwaje? Mzee mmoja alijibu kwamba husemwa "chama kimejitoa". Tukamwuliza, je, mwenyekiti akiandika barua ya kujitoa, si chama kimejitoa? Alicheka. "Hapana, wanangu. Hapo mwenyekiti ndiye kajitoa." Mama aliyekuwa karibu naye akaongeza kwamba mwenyekiti kazi yake ni kupeleka barua, na kwamba barua isiyotoka mkutanoni ni barua yake mwenyewe, akaisome nyumbani kwa mkewe. Katika ushirika mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya mwisho, na hao waliokuwa wakituambia hayo hawakuhitaji kunukuu sheria. Walikuwa wakieleza matumizi ya kitenzi. Kwao mtenda wa kujitoa hawezi kuwa chama mpaka mkutano umesema. Kabla ya hapo kitenzi kina mtenda mwingine.

Tumeitafuta tofauti hiyo katika rasimu iliyo mezani petu, hatukuiona. Tumeiona, hata hivyo, mahali pengine palipo karibu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Waliouandika walikuwa wameuona ule mwaka 1977, na ibara yao ya 145 yaonyesha hivyo. Nchi mwanachama yaweza kujitoa kwa masharti mawili. La kwanza, Bunge lake lipitishe azimio linaloungwa mkono na si pungufu ya theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. La pili, nchi hiyo impe Katibu Mkuu taarifa ya maandishi ya miezi kumi na miwili, nayo yaweza kuifuta taarifa hiyo kabla muda haujaisha. Ibara mbili zinazofuata zina habari ya mwanachama kusimamishwa na mwanachama kufukuzwa, na hapo kauli ya kutendwa inatimiza kazi yake bila shida.

Kwa hiyo ndani ya ibara ya 145 mna vitu viwili, na kila kimoja chastahili istilahi yake: azimio la kujitoa na taarifa ya kujitoa. Azimio ni tendo la wawakilishi wa watu. Taarifa ni tendo la serikali kwa wenzake wa nje. Mpeleka taarifa ni mchukuzi wa azimio. Mzee wa Lionja angeielewa ibara hii kwa kusomewa mara moja. Rasimu yetu imeyaweka yote mawili chini ya neno notisi, na hatuna chuki na notisi, ambayo ni Kiswahili tangu zamani kwenye kuta za ofisi za wilaya. Lakini notisi ya kuhama nyumba huandikwa na mpangaji peke yake, na hilo ndilo wazo litakalomjia msomaji.

Uzito wa tofauti hii ulionekana kwa dunia nzima huko Uingereza. Watu wake walipiga kura ya maoni tarehe 23 Juni 2016, na walio wengi wakataka kutoka katika Umoja wa Ulaya. Serikali ikasema mawaziri wanayo madaraka ya kutosha kuandika taarifa, kwa kuwa mambo ya mikataba ya nje ni yao tangu enzi. Bi Gina Miller na wenziwe wakaenda mahakamani. Tarehe 24 Januari 2017 Mahakama ya Juu, majaji wanane dhidi ya watatu, iliamua kwamba mawaziri hawawezi. Sababu yao ilikuwa nyepesi kuieleza: sheria ya Bunge ya mwaka 1972 ndiyo iliyoziingiza sheria za Ulaya katika nchi, na kutoka kungewaondolea watu haki walizopewa na sheria hiyo, na kile ambacho Bunge limejenga, waziri hakibomoi kwa barua. Bunge likapitisha sheria fupi sana, ambayo hata kwa jina lake ilihusu taarifa ya kujitoa, si kujitoa kwenyewe. Taarifa ikapelekwa tarehe 29 Machi 2017, na nchi ikatoka tarehe 31 Januari 2020.

Mwezi ule ule wa Februari uliofuata hukumu hiyo, Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua shauri la kufanana nalo. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imepeleka taarifa ya kujitoa katika Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai bila kulipeleka jambo bungeni kwanza. Tarehe 22 Februari 2017 mahakama ilisema taarifa hiyo ni kinyume cha Katiba, na mwezi Machi serikali ikaifuta. Burundi, ambayo nayo ilikuwa imepeleka taarifa yake, haikuifuta, na ikatoka tarehe 27 Oktoba mwaka huo.

Habari ya Uingereza imetuletea istilahi nyingine ngumu, yale madaraka ya zamani ya mfalme ambayo sasa hushikwa na mawaziri. Rasimu imeandika "haki ya kifalme". Hatukubaliani nayo. Haki ni kitu ambacho mtu aweza kukidai kwa mwingine, na neno hilo kwetu lina heshima ambayo haifai kupewa mabaki ya utawala wa kale. Madaraka yale ni yale yaliyobaki baada ya Bunge kuchukua mengine yote, na hupungua kila Bunge linapotunga sheria juu ya jambo lile lile. Tunapendekeza madaraka salia ya kifalme. Neno hilo likimfanya msomaji aone sahani iliyokwisha kuliwa, hatutasikitika. Na litamkumbusha mfasiri wa Kitanzania asilitumie ovyo kwa mambo ya nyumbani, maana katika Jamhuri hii Katiba inasema mamlaka ya Serikali hutoka kwa wananchi. Hapakuwa na mfalme wa kuacha masazo.

Twaja sasa kwa neno serikali, ambalo twaliogopa. Lina asili ya Kiajemi, limezunguka dunia kabla ya kutufikia, na limejizoelea maana kila lilipopita. Katiba yetu katika sura yake ya kwanza imelipa upana mkubwa, hata likamwingiza mtu yeyote anayetekeleza madaraka kwa niaba ya Serikali. Upana huo ulikusudiwa kumlinda raia, na ni mwema. Lakini katika habari ya mikataba ya nje upana huo huo humdhuru. Tukiandika "Serikali imejitoa", msomaji hajui kama ni dola yote iliyojitoa, kwa njia zake zote halali, au ni wenye mamlaka ya utendaji peke yao. Katiba inalo tamko hilo, mamlaka ya utendaji, katika ibara ya 4, likiwa limetengwa wazi na mamlaka ya kutunga sheria na ya kutoa haki. Kwa nini rasimu haikulitumia? Lilikuwapo, limesanifiwa, na ni la nyumbani.

Pengo moja lililomo katika sheria limeambatana na pengo katika lugha. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Juu ya kuiacha mikataba hiyo, ibara hiyo iko kimya. Na sisi tulio na kuridhia hatukuwa na kinyume chake. Ukisema "kutoridhia" umesema hukuridhia tangu mwanzo. Tungekuwa na kitenzi cha Kibantu tungekitia kiambishi cha kutendua, kama funga inavyozaa fungua, lakini ridhia imetoka Uarabuni na haikubali mchezo huo. Tunapendekeza kutangua ridhaa. Kitenzi tangua ni cha kale, kina maana ya kubatilisha kilichokwisha kufungwa, na wenyeji wa Pwani hawajakisahau. Likisanifiwa, swali la kisheria litaulizika kwa urahisi kuliko sasa: ikiwa Bunge ndilo linaloridhia, ni nani anayetangua? Tanzania ilipotoka katika soko la pamoja la COMESA mwaka 2000, swali hilo halikuwa na neno la kuulizwa kwalo.

Kosa la istilahi laweza pia kuipeleka nchi mahali ambapo haikwenda. Mwezi Novemba 2019 ilitangazwa na kuandikwa sana kwamba Tanzania imejitoa katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile yenye makao Arusha. Haikujitoa. Kilichofutwa ni tamko la mwaka 2010 chini ya ibara ya 34(6) ya Itifaki, tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kupeleka mashauri yao moja kwa moja. Kufutwa huko kulianza kutumika Novemba 2020, baada ya mwaka mmoja. Tanzania ilibaki mwanachama wa Itifaki, na mahakama ikabaki Arusha. Kwa mtu aliyenyimwa haki yake tofauti hiyo ni kubwa: mlango mmoja ulifungwa, nyumba haikubomolewa. Istilahi iliyotakiwa ni kufuta tamko, na hakuna aliyekuwa ameiweka tayari.

Kinyume chake kilitokea mwaka 1993. Zanzibar ilikuwa imeingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwezi Desemba 1992. Ulipozuka mjadala kwamba mambo ya nje ni mambo ya Muungano, ikatoka mwaka uliofuata. Magazeti yaliandika ilijitoa. Lakini ikiwa kuingia hakukuwa na uwezo wa kisheria, kulikuwa na kitu gani cha kujitoa? Hapo tunaona kitenzi kikiwa kimekwisha kutoa hukumu juu ya suala ambalo mahakama haikuulizwa.

Jambo moja zaidi kuhusu majina ya umoja wenyewe. Watanzania wengi huandika Umoja wa Ulaya. Wenzetu wa Kenya na baadhi ya idhaa za nje hupenda Muungano wa Ulaya. Tusingejali, kama isingekuwa kwamba hapa kwetu Muungano, kwa herufi kubwa, ni jina la kitu kimoja. Kijana anayesoma leo kwamba Uingereza ilijitoa katika Muungano kwa taarifa ya miaka miwili, kesho atauliza kwa nini taarifa ya namna hiyo isiandikwe Unguja au Dodoma. Swali lake ni halali, lakini limezaliwa na jina. Umoja wa Ulaya ni wa nchi zilizobaki kila moja na dola yake, na mkataba wake una ibara ya kutokea. Muungano wa 1964 ulizaa dola moja, na njia yake ni ile ya kuwapo na theluthi mbili mbili. Wakati wa Tume ya Jaji Warioba na Bunge Maalumu, kati ya 2012 na 2014, wapo waliotaka "muungano wa mkataba". Iwe mtu alikubali au alikataa, tamko lile lilikuwa na sifa ya kuonyesha wazi kwamba linataka kitu kingine kuliko kilichopo. Tunashauri Umoja wa Ulaya libaki.

Mwenzetu mmoja wa Zanzibar, katika kuijadili rasimu hii, alileta neno ambalo limetugawa. Muda ule wa miezi kumi na miwili katika ibara ya 145, ambao ndani yake taarifa yaweza kufutwa, alisema kwa nini usiitwe eda? Hoja yake ina nguvu. Mke aliyepewa talaka rejea hukaa eda, na kabla eda haijaisha ndoa yaweza kurejewa bila kufungwa upya. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo, tarehe 10 Desemba 2018, iliamua kwamba Uingereza ingeweza kuifuta taarifa yake kabla ya kutoka, bila kuomba idhini ya wenzake. Ni eda hasa, na kila msomaji wa Kiswahili, Mwislamu au la, angeielewa.

Pamoja na hayo hatukulipitisha. Eda huvuta talaka nyuma yake, na magazeti yamekwisha kuzoea kuita mambo haya talaka. Talaka kwa desturi hutamkwa na mmoja. Tamko la mume hutosha, na mke husikia. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliona haja ya kuweka mabaraza ya usuluhishi na mahakama kati ya wanandoa na kuvunjwa kwa ndoa yao. Tukiipa sheria ya katiba lugha ya talaka, tumemwazima mwenye mamlaka ya utendaji ulimi wa mume, na kuwafanya raia kuwa msikilizaji. Mwenzetu alijibu kwamba mke naye ana khului, na mahakama ina fasihi, tukamsahihisha kwamba alikusudia fasikhi, akacheka, na kikao kikavunjika. Hapa kitenzi cha kutendeka hakina madhara.

Katika kadi ya istilahi tumeandika kwa muda: azimio la kujitoa, taarifa ya kujitoa, muda wa taarifa, kufuta taarifa, kutangua ridhaa, madaraka salia ya kifalme. Kujitenga na kuvunja muungano vimepewa kadi zao wenyewe. Neno eda limeandikwa kwa penseli pembeni. Wasomaji wenye neno lililo bora, hasa wale wa Pwani na wa visiwani, na wale wa vyama vya ushirika ambako mambo haya husemwa kila msimu, watuletee kabla ya kikao kijacho cha Kamati.